Waya Mwekundu wa Dominiki

Hilux nyeupe ilipita kwa mara ya tatu.

Scola hakugeuka. Aliiona kwenye kioo cha duka la simu, namba zake zimepakwa tope ilhali Durban haikuwa imeonja mvua wiki nzima. Akajichekea moyoni. Wafuatiliaji wa siku hizi hata uongo wa tope hawajui kuupanga!

Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye mikate miwili, kama mama yeyote wa mtaa wa Point aliyetoka dukani. Chini ya mikate kulikuwa na bisibisi, tochi ya kalamu na flash ya chuma. Bastola hakuwa nayo. Huwezi kupanda ndege ya abiria na Glock kiunoni.

Simu ikatetema, na moyo wake ukatetema nayo.

"Shangazi anasafiri leo," ilisema sauti ya Mkuu kutoka Dar es Salaam. "Saa kumi na moja jioni."

"Amevaa nini?"

"Hatujui. Aliyejua amekufa."

Ikakatika.

Shangazi lilikuwa kontena. Ndani yake mlikuwa na maboksi ya sindano za malaria za bandia, maji na chumvi ndani ya vichupa vilivyobandikwa nembo za kuaminika, tayari kwenda kudungwa watoto wa watu nyumbani. Bandarini yalikuwapo makontena maelfu. Namba ya hilo moja aliipata Dominiki Haule, jasusi wa Idara aliyejificha Durban akiwa fundi wa kuchapisha vitambulisho.

Siku thelathini na nane zilizopita, saa moja jioni, Dominiki aligongwa na gari barabarani Esplanade. Alikufa palepale.

Ripoti ya Idara ilisema alizifuta faili zote mwenyewe, akawauzia wasafirishaji ushahidi, nao wakamlipa kwa bampa. Ripoti ilikuwa na saini mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Gilbert, mtu wa Idara hapa Durban. Ya pili ilikuwa ya Scola.

Jioni ile Dominiki alimpigia Scola mara mbili. Yeye alikuwa kwenye sherehe ya shoga yake huko Sinza, Dar es Salaam, simu i ndani ya pochi. Tangu siku hiyo, kila simu ikilia usiku au mchana, kitu cha kwanza kumjia ni kwamba ni Dominiki anapiga mara ya tatu.

Hilux ikasimama mbele yake.

Scola akaingia saluni.

"Dada, iko gari inakuangalia tangu robot ya kule, ile taa ya barabarani," alisema msusi bila kuacha kusuka. Alikuwa Huguette, Mkongo mnene mwenye macho yasiyopitwa na jambo. "Pita nyuma. Iko mlango."

Scola akapita nyuma.

Mlango wa uani ulifunguka kwenye duka la Dominiki. Mjane wake, Belinda, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gauni jeusi, kitambaa cheusi. Walitazamana, kisha wakakumbatiana muda mrefu.

"Nilijua utakuja, wifi," alisema Belinda, aliyemwita hivyo kwa kuwa mumewe alimhesabu Scola dada. "Nimepiga simu ofisini kwenu nimechoka. Kompyuta yake ipo, nikawaambia njooni muiangalie. Nani alinisikiliza?"

 Scola akapiga magoti mbele ya kompyuta, bonge la kizamani lililolala sakafuni bila mfuniko, vumbi hadi kwenye feni. Akabonyeza kitufe.

"Karibuni, karibuni! Kumekucha!"

Scola aliruka nusu hatua. Sauti ilikuwa ya Dominiki, ile ile ya kukwaruza, yenye kicheko kinachotaka kutoka, ikibubujika kwenye spika mbili kubwa za juu ya kabati.

"Aliirekodi mwenyewe," Belinda alisema kwa upole. "Kila ikiwaka inasema hivyo."

Nywele zilimsimama Scola. Lakini alipokitazama kioo, aliogopa zaidi. Kompyuta ilikuwa imeingia moja kwa moja Windows XP.

Kompyuta ile ilikuwa na mifumo miwili, kila mmoja kwenye diski yake. XP, mfumo wa kizamani, ilibaki kwa sababu mashine ya kuchapisha kadi za plastiki haikukubali mwingine. Windows 7, mfumo mpya kidogo, ndiyo aliyofanyia kazi za siri. Windows 7 hujiwekea akiba ya jinsi mambo yalivyokuwa, tarehe baada ya tarehe, kiasi kwamba hata faili iliyofutwa yaweza kufufuliwa humo. Ila kuna ugonjwa ambao mafundi wengi wameujua kwa kulia: ukiwasha XP huku diski ya Windows 7 imeunganishwa, XP inaiona ile akiba kama takataka na kuifagia yote. Mara moja inatosha.

"Wifi, tangu afariki umeiwasha mara ngapi?"

"Kila siku."

"Kila siku?"

"Shemeji Gilbert alisema duka lisilale, nichapishe kadi za wateja. Alikazana hasa. Kila akija anauliza, 'Umeiwasha leo?'" Belinda akainamisha kichwa. "Na hata bila wateja ningeiwasha. Naisikia sauti yake."

Scola akakaa chini kwenye saruji. Mara thelathini na nane. Maji yakimwagika hayazoleki. Namba imekwenda, jina la Dominiki limekwenda nayo, na aliyelipeleka ni mke wake mwenyewe kwa kumpenda. Alitaka kulia, akajikaza.

"Nimekosea?" Belinda aliuliza.

"Hapana, wifi."

"Maana nilifuata alivyonifundisha. Kila siku nachomoa waya kwanza."

Scola akainua kichwa taratibu.

"Waya gani?"

"Huu mwekundu. Alinigombeza siku moja mpaka majirani wakasikia. 'Belinda, kabla ya kuchapisha, waya mwekundu nje!' Sijui ni wa nini. Lakini naogopa atanigombeza hata huko aliko."

Scola akatoa tochi kwenye mfuko wa mikate, bisibisi akaichomeka kiunoni, akamulika. Waya mwekundu ulikuwa unaning'inia, umefungwa kwa uzi wa cherehani usiguse feni. Diski ya Windows 7 haikuwa imeunganishwa. Kwa siku thelathini na nane XP haikuiona kabisa.

Alimbusu Belinda kwenye paji la uso.

Saa tisa na nusu.

Alizima, akachomeka waya, akawasha. Safari hii ilitokea orodha ya mifumo miwili na sekunde zikihesabika kurudi nyuma kutoka thelathini. Ukizembea, kompyuta hujichagulia XP. Scola akachagua Windows 7 kabla hata ya ishirini na tisa. Sauti ya Dominiki haikutoka; aliiweka kwenye XP tu.

Akajaribu kuurudisha mfumo mzima. Dakika kumi za kusubiri, kisha jibu la dharau: kazi haikukamilika, programu ya kuzuia virusi imeshikilia faili. Akasonya. Kurudisha mfumo mzima kungeponya programu tu, nyaraka kungeziacha zilivyo. Pupa ilikuwa imemtia ujinga.

Akaliendea folda la Dominiki, tupu kama kibuyu. Akabonyeza upande wa kulia wa kipanya na kuomba matoleo yake ya zamani. Orodha ya tarehe ikafunguka.

Ya juu kabisa ilikuwa siku ya kifo, saa sita mchana.

Na folda lenyewe lilisema lilibadilishwa mara ya mwisho siku hiyo hiyo, saa tatu na dakika nane usiku. Hapo ndipo faili zilipofutwa, saa mbili nzima baada ya Dominiki kufa.

Ufunguo wa pili wa duka alikuwa nao nani?

"Wifi," alisema, "nani mwingine anaingia humu?"

"Mimi hapa, shemeji," alijibu mtu mlangoni.

Gilbert alivaa shati safi la bluu, na Glock mkononi. Nyuma yake, kando ya barabara, Hilux nyeupe ilikuwa ikiunguruma, kiti cha dereva kitupu.

"Dada Scola, ungesema unakuja ningekupokea uwanjani."

Kikulacho ki nguoni mwako. Scola alitaka kujipiga kofi. Safari yake aliijua Mkuu, na mtu mmoja wa Durban aliyeandaliwa kumsaidia.

"Ulimuua," alisema.

"Alikuwa mbishi." Gilbert alipeleka mkono kwenye swichi kuu ukutani. "Nilishangaa kwamba huyu mama anawasha kila siku na bado mnapata kitu. Sasa ngoja tuiwashe pamoja."

Akaizima. Giza likajaa chumbani, feni ikanyamaza. Akaiwasha tena.

Durban umeme hukatika utakavyo wenyewe, na kila mwenye duka hupanga mashine zake zijiwashe umeme ukirudi, asipoteze wateja. Dominiki naye alipanga hivyo. Kompyuta ikakohoa, ikawaka yenyewe. Orodha ya mifumo miwili ikatokea.

Thelathini.

"Mikono juu, wote," alisema Gilbert. "Sina haja ya kuwaua. Nasubiri tu."

Ishirini na tatu.

Scola alikuwa amerudi nyuma alipoiona bastola; kibodi ilikuwa hatua mbili mbele yake. Risasi ni nyepesi kuliko hatua mbili.

Kumi na saba.

"Shemeji Gilbert," Belinda alisema. "Ulibeba jeneza lake. Ulishika mbele!"

"Nyamaza, mama."

Kumi na moja.

Belinda akapiga yowe la msibani, lile la kutoka tumboni, akajitupa sakafuni juu ya kompyuta, akaikumbatia kama anavyokumbatiwa maiti. Gilbert akatukana. Hakufyatua. Mwanamke akimlilia mumewe ni jambo la kila siku, na sekunde zilikuwa zinakwenda vizuri.

Tatu. Mbili. Moja.

XP ikaanza kupanda. Gilbert akatabasamu.

"Karibuni, karibuni! Kumekucha!"

Sauti ilitoka juu ya kichwa chake, kubwa, yenye kicheko. Gilbert hakuwahi kuisikia, kwani kila alipokuja kompyuta ilikuwa imeshawaka. Alimsikia mtu aliyemwona akifa. Rangi ilimtoka. Akageuka mzima mzima, bastola ikielekezwa kabatini.

Scola alihitaji nusu ya muda huo.

Kiwiko kooni. Goti tumboni. Bisibisi kwenye kifundo cha mkono. Glock ikadondoka, ikateleza hadi chini ya mashine ya kadi. Gilbert akaanguka na rafu nzima ya karatasi.

Mlango wa uani ukafunguka. Huguette alisimama na chuma cha kunyoosha nywele, kinafuka moshi.

"Eish! Nani anapigana?"

"Huyu aliua mume wa Belinda," Scola alisema akihema, akimfunga Gilbert mikono kwa nyaya za umeme.

Huguette hakuuliza la pili. Akamkalia mgongoni, kilo zake zote, chuma karibu na sikio.

"Tikisika, papa. Tikisika kidogo tu."

Scola akamgeukia Belinda. Belinda alikuwa bado amelala juu ya kompyuta. Akafungua kiganja.

Waya mwekundu ulikuwa ndani yake.

"Nimechomoa," alisema. "Kabla haijafika moja."

Saa kumi na dakika kumi na saba Windows 7 ilikuwa hewani, faili imefufuka, na Scola alikuwa kwenye simu na Mutua, Mkenya anayepanga makontena bandarini.

"Andika." Akamsomea herufi nne na tarakimu saba.

"Ngoja nicheki." Vidole vikagonga. "Eish, sister! Hiyo box iko chini ya crane saa hii."

"Izuie."

"Kwa sababu gani?"

"Sema uzito hauoani na karatasi."

"Sawa. Usikate."

 Honi, upepo, Mutua akibishana na mtu. Kisha mlio wa chuma kikifunguliwa.

"Ni vichupa," alisema Mutua. "Mamilioni ya vichupa. Polisi wameitwa."

Scola akafumba macho.

Askari walimchukua Gilbert kabla ya saa kumi na moja. Meli iliondoka bila Shangazi. Scola alichomoa diski ya Windows 7 kuwa ushahidi, ile ya XP akaiacha mahali pake. Kazi ilikuwa imekwisha, na kwa desturi ya Idara alipaswa awe ameshatoweka.

"Wifi," Belinda alisema. "Ile ripoti iliyomwita mume wangu msaliti. Aliiandika nani?"

Scola angeweza kudanganya. Kudanganya ndiyo kazi iliyomlipia nyumba.

"Gilbert aliandika. Mimi nikatia saini. Alinipigia simu jioni ile sikupokea, na sikuja hata kuangalia."

Belinda akarudi kwenye ndoo yake, akakaa.

"Gilbert aliyasambaza maneno yake kwa Watanzania wote wa hapa," alisema. "Mazishini walikuja watu sita. Sita, wifi! Mtu aliyewachapishia vitambulisho bure." Akajifuta uso kwa kitambaa. "Jumamosi ni arobaini. Nitawaalika wote. Utakuja, utasimama mbele yao, useme ulichokifanya kwa mdomo wako."

"Wifi, siruhusiwi. Sura yangu ikijulikana, kazi yangu imekwisha."

"Ya kwake iliisha."

Scola aliinama, akamshika mikono yote miwili, akatoka.

Point ilikuwa na jua la jioni na teksi zikipiga honi. Alivaa miwani yake, akatembea polepole, mikate ingali mfukoni. Simu ikatetema.

"Kazi safi," alisema Mkuu. "Ndege saa tatu usiku. Unaelekea uwanjani?"

"Sipandi."

"Kuna tatizo?"

"Nina msiba hapa, Mkuu. Nitarudi Jumapili, na nikirudi msinipangie kazi ya nje tena."

Akakata simu, akavuka barabara kwenda kutafuta gauni jeusi.