Mlango wa Kati

Mimi nikisimulia huwa natia chumvi, sikatai. Nikiona paka njiani, nikifika nyumbani amekuwa chui. Lakini hii nimeipunguza. Nimeipunguza sana, maana kuna sehemu nyingine mdomo wangu hauwezi kuzitamka, na mtaona ni kwa nini.

Kazi yangu ni fundi milango. Shule nilipita tu kuwasalimia walimu nikarudi zangu, lakini nipe mlango wowote duniani, niugonge kwa kidole kimoja, nikwambie ni mbao gani, nani aliufunga, na siku hiyo alikuwa amekula au ana njaa. Mji wetu mzima unaingia na kutoka kwa milango yangu. Kuna tajiri nilimfungia mlango wa mbele akalia machozi. Alilia kwa uzuri tu wa bawaba.

Basi, shemeji yangu alikuwa anaoa mji wa mbali, tukafikia hotelini. Tulikuwa mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na sita, na mdogo wake tunayemwita Mnara kwa vile kila akilala anaamka mrefu zaidi. Tumefika mchana, jua linawaka, watu wa harusi wamejaa pale mapokezi na mabegi yao. Vyumba vyetu ni viwili, vimepakana.

Mke wangu akanivuta shati. "Baba Mnara, mimi nilale na binti. Wewe lala na mwanao."

"Nimetoka kwangu nije kulala na dume lenye miguu inayonuka?" nikamwambia. "Wazazi huku, watoto kule."

"Wamekuwa wakubwa hawa."

"Si wametoka tumbo moja?"

Binti akamnong'oneza mama yake sikioni. Mama naye akaninong'oneza mimi: "Hajisikii vizuri. Hawezi kulala chumba kimoja na mdogo wake wa kiume leo. Nielewe."

Nilielewa. Hiyo ndiyo inayoniua, kwamba nilielewa. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa nakuwa kama redio. Nikasema kwa sauti yangu ya karakana, ile inayoshinda msumeno: "Kama ni mambo yenu ya mwezi, si chooni kuna mlango? Ajifungie huko!"

Pale mapokezi vichwa vyote vikageuka. Halafu kijana mmoja, wa umri wake, akapasuka kicheko. Wenzake wakafuata.

Na mimi nikacheka.

Binti hakulia. Alichukua mkoba wake akaukumbatia tumboni, akawa anatazama vigae vya sakafuni. Dada wa mapokezi akajifanya anapanga kalamu. Nikaona bado haitoshi. Kila chumba kilikuwa na kadi mbili za kufungulia, ya kwake nikaitia mfukoni. "Hii nakaa nayo mimi. Nisikuone unazurura."

Chumbani kwetu, nyuma ya pazia, nikakuta mlango kwenye ukuta unaotutenga na watoto. Nikafurahi kama nimeokota. "Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Mlango wa kati. Nitakuwa nawasikia wakipumua tu."

Nikausukuma, haukufunguka. Bawaba hazikuonekana upande wetu. Kitasa kilikuwepo, tundu la ufunguo halipo. Nikasema huu unafunguliwa kutokea kwa watoto. Mtu mwingine angeuliza kwa mwenye hoteli. Mimi niulize habari ya mlango? Mimi?

Mke wangu alinitazama kama anavyotazama kitu kilichomwagika, akatoka. Hakusema anaenda wapi. Mnara alikuwa ukumbini chini anaangalia mpira. Nikajinyoosha kitandani, wingu likatanda, mvua ikaanza, na umeme ukakatika, chumba kikawa giza.

Chini ya ule mlango palibaki na mwanga.

Nikajua ni tochi ya simu ya binti. Halafu nikamsikia analia. Kilio cha kubanwa, cha mtu aliyeziba mdomo kwa mto.

Nyie, mimi sijawahi kuomba msamaha. Nikimkanyaga mtu, namuuliza kwa nini ameweka mguu hapo. Lakini kile kilio kilinivua nguo. Nikaiona ile sura yake inatazama vigae. Nikateremka kitandani, nikapiga magoti pale mlangoni, nikagonga polepole.

Kilio kikakoma.

"Mama," nikaita. Huwa namwita hivyo, amerithi jina la mama yangu. "Ni mimi, baba."

Nikausogeza mdomo kwenye ubao.

"Nimekukosea. Mbele za watu. Nisamehe, mwanangu."

"Sema tena."

Ilikuwa sauti yake, ila nzito kidogo, kama ana mafua. Nikasema ni machozi hayo.

"Nisamehe."

"Sema tena."

Sasa ilitokea chini. Chini kabisa, kama mtu aliyelaza shavu sakafuni. Nami nikalaza langu. Upepo wa baridi ulikuwa unapita pale chini, unanukia udongo mbichi.

"Nisamehe, mama. Sitarudia."

Nikaitoa ile kadi mfukoni nikaipenyeza chini ya mlango. Nilitaka ajue namwamini. Ilifika nusu ikakwama. Halafu ikavutwa.

Ikavutwa kwa nguvu. Kucha zikagusa vidole vyangu.

"Basi," ile sauti ikasema. "Hiyo sasa ni yangu."

Mwanga ukazimika.

Nyuma yangu mlango wa kuingilia ukafunguka. Akaingia mke wangu, ameloa mvua. Nyuma yake binti, ameloa, ana mfuko wa duka la dawa mkononi. Walikuwa wametoka wote wawili muda wote ule.

"Unafanya nini chini?" mke wangu akauliza.

Nilimtazama mtoto. Maji yanamtiririka usoni, macho yamevimba, lakini yalikuwa macho yake. Nikasema potelea mbali, hilo lililoko kule nitalijua baadaye, huyu ndiye mwenye haki yake. Nikafungua mdomo.

Neno halikutoka.

Si kwamba niliona aibu. Aibu nilikuwa nayo, lakini ulimi wenyewe ulilala. Nikajaribu tena. Nikatoa sauti kama mlango mkavu. Binti akasubiri. Aliniangalia mdomoni, akasubiri kweli, nami nikabaki naachama. Mwisho akageuza uso.

"Nimezoea, baba," akanong'ona.

Nikamfuata Mnara, akaja na kadi yake akatufungulia chumba chao. Kule upande wa pili mlango hakuna. Kuna ukuta umepakwa rangi, na kitanda kimeegemea. Nikaugonga kote, juu mpaka chini. Tofali tupu. Mfanyakazi wa hoteli akasema huo wa kwetu ni wa zamani, ulizibwa kabla hajaajiriwa, walibakiza ubao tu. Nikapekua sakafu, nikainua mazulia. Kadi haikuwepo. Usiku ule mke wangu alilala na binti, na mimi nikalala na Mnara kule kule kwenye ukuta mtupu. Kama alivyoomba tangu mwanzo.

Tulirudi nyumbani. Maneno mengine yote ninayo, mnanisikia. Hilo moja tu kwa binti yangu sina. Nimejaribu jikoni, nimejaribu kwenye simu. Niliwahi kumwagiza mama yake amfikishie, nikashindwa hata kuagiza. Mtoto ananiamkia vizuri, "Shikamoo baba," anapita. Chakula ananiwekea. Macho haniwekei.

Juzi hapa, mchana, nilitoka karakana kuja kunywa maji. Binti yupo uani anafua, namsikia anapiga maji. Nikapita mbele ya chumba chake. Mlango huo niliutengeneza kwa mikono yangu alipokuwa mdogo, chini nikaacha nafasi ya kidole ili usisage sakafu.

Kadi ikatoka chini ya mlango.

Polepole. Ikasimama kwenye kidole changu cha mguu. Ilikuwa ya moto, kama imekaa mfukoni mwa mtu.

"Sema tena," ile sauti ikanong'ona kutoka ndani.

Uani maji yanaendelea kupigwa.

Sikufikiri. Nilileta bisibisi nikafungua bawaba zote nikaung'oa ule mlango. Ndani hamkuwa na kitu, kitanda na madaftari yake tu. Nikaubeba mgongoni mpaka karakana. Ile kadi nikaichoma kwenye moto wa kuchemshia gundi, nikaangalia mpaka ikawa majivu.

Niliporudi, binti alikuwa amesimama mbele ya chumba chake. Mikono ina povu. Fremu iko wazi, kila apitaye ukumbini anaona kitanda, anaona nguo zake za ndani alizoanika kwenye kamba ndogo.

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu tutoke kule.

"Hata mlango, baba?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Sasa ametundika pazia. Usiku namsikia akilibana kwa vibanio vya nguo, kimoja kimoja. Nikimwekea mlango, kile kitu kitapata pa kukaa. Nisipomwekea, mimi ndiye baba aliyemvua nguo mbele za watu, na bado anaendelea kumvua ndani ya nyumba. Na siwezi kumweleza, kwa sababu kila nikianza kueleza, mwanzo wake ni lile neno.

Mlango wenyewe nimeuegemeza karakana, umelalia ukuta wa tofali. Nyuma yake hapaingii hata panya. Kila asubuhi nikifungua, ile kadi niliyoichoma inachungulia chini yake, nusu.

Inangoja niivute.