Neige Iko Muzito

Mwezi wa kumi, jua la Likasi likichoma mpaka utosini, kijana mmoja alisimama katikati ya soko akichambua rundo la makoti ya mtumba. Viviane, mwenye rundo, kajifunga kitenge cha kijani chenye ndege wekundu, alimtazama mpaka akashindwa kunyamaza.

"Weye papa, na joto hii? Uko natumika ku morgue, mu baridi ya maiti?"

Meza za jirani zikacheka. Kijana naye akacheka, na Viviane akaona kishimo kwenye shavu lake la kushoto. Bei ikashuka bila kuombwa.

Jina lake Éphraïm. Zamani alirusha droni juu ya malundo ya madini kule Kakanda. Sasa alikuwa amepata masomo Ufaransa, kupima barafu ile inayoanguka kama unga juu ya milima. Alieleza kwamba kazi ni ileile: unapiga picha mlima ukiwa mtupu, unaupiga tena ukiwa umefunikwa, unatoa kimo cha kwanza kwenye cha pili, unapata kina. Satelaiti nayo inaonyesha weupe umeenea mpaka wapi.

"Lakini uzito, ma chérie, haiwezi kukuambia muzuri. Lazima uchimbe shimo, uingize bomba, upime ku kilo."

Viviane alisikia "ma chérie" tu, yaani mpenzi. Mengine yalimfikia baadaye.

Walionana kila siku mpaka alipopanda ndege, kisha simu ikachukua zamu. Éphraïm alipiga simu vidole vikiwa vimekufa ganzi, Viviane akimcheka kwamba amekwenda kuishi ndani ya friji. Éphraïm aliahidi kurudi mwezi wa nne, ndugu zake waje kwa papa Arsène, baba yake Viviane, kujitambulisha kama desturi inavyotaka. Mama yake Viviane akanunua vitenge vya sare, na mtaa mzima ukajua hata nani atapika pondu.

Hapo ndipo alipoingia tantine Émérence, dada wa mama, mwanamke mwenye masikio ya kupokea habari na miguu ya kuzipeleka. Alikuwa amekaa karibu na Mathieu, binamu wa Éphraïm, simu ya Mathieu ilipotoa sauti ya Éphraïm:

"Mathieu, neige iko muzito mwaka hii. Siwezi kurudia mwezi wa nne, lazima nibakie nayo mpaka kazi itaisha. Usiambie Viviane kwanza, nitamwambia minyewe."

Sasa elewa. Kwa Viviane, Éphraïm alisema "barafu" siku zote. "Neige", ndiyo barafu hiyo kwa Kifaransa, aliisema na watu wa kazi, na Mathieu ni mtu wa vipimo pia. Lakini Likasi Neige ni jina la msichana. Kwaya ya parokia peke yake ina wawili. Na msichana akiwa muzito, hakuna anayeuliza ana kilo ngapi. Kiswahili chetu nacho hakikusaidia: mtu iko, kitu iko, wote tuko sawa.

Tantine hakumaliza hata kinywaji chake. Alifika kwa Viviane akihema, akaiga maneno yote, sauti na kila kitu. Viviane alifunga meza mchana kweupe. Usiku ule namba ya Éphraïm ilizuiwa, na asubuhi akamwambia mama yake vitenge vigawiwe wanaovitaka.

Jumapili baada ya misa, nyumba ikiwa imejaa watu waliokuja kumpa pole, Mathieu aliingia ameshika simu mbele kama mshumaa. Kwenye kioo alionekana Éphraïm, nyusi nyeupe, pua nyekundu.

"Na Neige iko wapi?" tantine akauliza kwa ukali.

"Hii hapa, tantine."

Éphraïm akageuza simu yake. Ukuta wa barafu uliochongwa kwa koleo, mrefu kumpita, umejichora tabaka juu ya tabaka, na bomba limechomekwa ubavuni. Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Tantine alipata hamu ya ghafla ya kwenda kuosha glasi.

Viviane hakucheka. Alichukua simu.

"Bon. Neige nimeona. Lakini 'usiambie Viviane', ile haukusema juu ya barafu."

Éphraïm alijifuta barafu kwenye nyusi.

"Niliogopa. Nilisema mu roho: akisikia narudia mwezi wa sita, atachoka na minye."

"Nimechoka kusikia habari yangu ku kinywa ya tantine."

"Basi sikia hii mu kinywa yangu. Nataka kukuoa. Weye njo mutu wa kwanza kusikia."

Papa Arsène, mstaafu wa mitambo ya umeme ya Koni, kwenye mto Lufira, aliomba simu. Hakuuliza habari za ndoa. Aliuliza ile nyeupe ikiyeyuka maji yanakwenda wapi. Kwenye bwawa la umeme, Éphraïm akamjibu. Wenye bwawa wanangoja uzito huo ili wajue maji kiasi gani yanakuja. Mzee akakumbuka masika ya Lufira, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Ni kazi ya kweli. Amalize kwanza. Lakini mwenye kungoja si minye."

Macho yote yakamgeukia Viviane. Akakaza kitenge chake.

"Wakuje mwezi wa sita, papa. Na weye Éphraïm, kila kitu, minye wa kwanza."

Akatoka na simu, akamfungia tantine, aliyekwisha kurudi kusikiliza, mlango usoni. Aliyoambiwa huko nje, kati ya nguo zilizoanikwa, mtaa wetu unayatafuta mpaka leo.