Magoti ya Mama Kwenye Barafu

Mong'ina alimfahamu Haron siku ya soko pale Daraja Mbili, umati umejaa tele. Haron alikuwa juu ya ngazi akiandika jina la hoteli ukutani, Mong'ina akapita chini na gauni lake la kitenge cha manjano, tone la rangi ya bluu likamdondokea begani. Alipomaliza kumgombeza, kijana akamwambia kwa upole kwamba bluu inampendeza zaidi. Tangu hapo ni mwaka mzima wa mapenzi, na kila wiki Haron anamchosha upya.

Kama Jumatano hii. Zimebaki siku nne watu wa kina Haron waende kwa kina Mong'ina kule Ikonge, Nyamira, kumposa, na Haron amechora zawadi ya wazazi wa msichana juu ya ubao: shamba lao la majani chai siku ilipoanguka mvua ya mawe. Kote ni weupe mtupu, migomba imeinama, ng'ombe mnene kama mtungi, moshi unatoka jikoni. Ukiitazama unasikia baridi. Na katikati, mwanamke ameinama kuokoa majani, sketi ameikunja.

"Haron, huyu ni nani?"

"Mama yako. Si siku ile nilikusindikiza hadi getini nikamwona?"

"Na haya?"

"Magoti, mpenzi. Kila mtu anayo."

Mong'ina akaketi juu ya debe la rangi. Akamkumbusha Haron kwamba ni mzaliwa wa Nyamarambe, na ensoni, ile miiko ya heshima kati ya wakwe, anaijua toka utotoni: mwili wa mama mkwe si wa kutazamwa na mkwe, sembuse kuchorwa. Baba atundikiwe magoti ya mkewe sebuleni? Angewafukuza wageni kabla ya chai.

Haron akajitetea kwamba msanii huchora alichokiona.

"Basi uoe picha yako," Mong'ina akasema, akaondoka.

Siku mbili hakushika simu. Ijumaa mchana, ilipolia mara ya tisa, akaichukua.

"Nimerekebisha, mrembo."

"Umemshusha sketi?"

"Nimguse mama mkwe nguo? Si hiyo ndiyo mbaya zaidi? Njoo uone."

Akaenda, uso ameukunja. Kweli, mama hakuguswa hata na ncha ya brashi. Kilichoongezwa ni barafu. Imezika chai, imezika ua, ng'ombe kabaki mgongo na pembe, na mama anachomoza kuanzia kiunoni, ameinama vilevile, kama anayeogelea.

"Haron, ulishaona wapi Nyamira barafu ikafika kiunoni?"

"Sijaona."

"Na wewe unachora ulichokiona tu."

"Hiyo ilikuwa Jumatano." Akajifuta mikono kwenye suruali, sauti ikashuka. "Nilichokiona baadaye ni wewe ukienda. Nikamwaga barafu mpaka ikatosha."

Mong'ina akaitafuta hasira yake, asiipate.

"Baba atauliza hii ni Ulaya gani."

"Nimwambie nini?"

"Wewe usimwambie kitu. Nitaongea mimi." Akavua leso yake begani, akaanza kuufunga ule ubao taratibu. "Na Jumapili mama akija kuwasalimia wageni, tafadhali Haron, nakuomba, uangalie chini."