Harufu kwenye Kofia ya Risten

Pikipiki ya magurudumu manne ilikuwa imeshavuka kijito. Shangazi Sunná aliiendesha, Risten na binamu yake Jovnna wameng'ang'ania nyuma. Walikuwa wakipanda mlimani kukagua mitego ya nondo, wale vipepeo wa usiku, na kila mtoto alikuwa na wake aliouandaa mwenyewe.

"Wako utakuwa na mbu wawili na kinyesi cha ndege," Jovnna alisema.

"Ngoja tufike. Utalia wewe."

Kazi ya Sunná ilikuwa kuchunguza nondo wa mibetula, ile miti mifupi yenye gome jeupe. Nondo wakizidi vuli hii, viwavi wao watamaliza majani kiangazi kijacho. Ndiyo maana Ánte, baba yake Risten, alikuwa ameshafika huko, akingoja jibu. Jibu likiwa baya, angewahamisha kulungu wake, wale wa kufugwa wa nchi za baridi, na kuyaacha malisho ya ukoo.

Mtego wa Jovnna ulikuwa na nondo wachache. Wa Risten ulijaa pomoni.

"Wamezidi," Sunná alisema. "Kaka, njoo uone."

Ánte alichungulia, akatoa simu. "Basi tunahama. Ngoja niwaambie wafugaji wenzangu."

Jua lilikuwa linazama. Nondo mmoja akatua kwenye kofia ya Risten. Akaja wa pili, kisha kundi zima likamzunguka kichwani.

"Shangazi, Risten kapata wachumba," Jovnna akacheka.

Sunná hakucheka. Kila mtego aliutolea kipande kimoja cha mpira chenye harufu ya nondo jike, ili kivute madume, na kilishikwa kwa glavu tu.

"Mwanangu, ulikishika kwa mkono?"

Risten alitazama simu ya baba yake. "Baba, usipige. Nilitia vipande vitatu, viwili vya akiba. Nilitaka kumshinda Jovnna. Mikono nikaifutia kwenye kofia."

Ánte akaketi juu ya jiwe, simu mkononi. "Nilikuwa nimeshabonyeza namba, binti yangu."

Sunná aliufungua mtego, akabakiza kipande kimoja. "Mtego unatuambia hali ya mlima," alisema. "Ukiuchezea, baba yako atahama kwa sababu ya mashindano yenu. Umefanya vema kusema kabla hajapiga. Sasa tunaanza upya."

Safari ya pili mtego wa Risten ulinasa nondo wachache, kama wa Jovnna. Ánte hakuhama. Kofia ilifuliwa, lakini iliendelea kuvuta madume mpaka theluji ilipoanguka. Miaka imepita. Jovnna siku hizi anafuga kulungu. Sunná amestaafu. Mitego ya mlima ule anaitega Risten, kipande kimoja kila mtego, na glavu mkononi.