Ubao wa Gatini

Asubuhi hiyo Bwana Ubao alipofika gatini, alikuta ubao umeshaandikwa.

Angeweza kusema kuna mtu kamfanyia mzaha, ila hati ilikuwa yake. Mkia wa "y" ulipinda kushoto kama anavyoupinda yeye, na chaki ilikuwa bado na unyevu. "Upepo mdogo. Maji ya ukingoni baridi, nyuzi kumi na tisa. Changu wako chini kwenye mkondo hadi saa tano, jua likipasha maji watapanda. Ukungu: upo. Msitoke bado." Alitembea mpaka mwisho wa gati, hatua mia tatu, akatazama. Ukungu ulikuwepo, mweupe, umeziba mdomo wa mkondo kama ilivyoandikwa.

Kazi ya kuandika ubao huo alipewa na chama cha wavuvi, na ndiyo iliyompa jina. Mwishoni mwa msimu wa baridi, pwani ya joto haieleweki: mchana unavua shati, alfajiri meno yanagongana. Hewa ya joto ikikuta maji baridi, ukungu unazaliwa, nao hukaa mdomoni mwa mkondo, ambako huuoni mpaka ufike mwisho wa gati. Basi kila alfajiri mtu mmoja atembee, atumbukize ndoo, apime joto la maji, atazame, arudi aandike. Boti hazitoki kabla ya ubao.

Tuiseme aibu yenyewe mapema, maana hata mimi ninayesimulia naona haya. Huko nyuma, kabla ya asubuhi hiyo, kwa wiki tatu Bwana Ubao hakutembea. Baridi ilimshinda, mtu mzima na ndevu zake. Alikuwa anakuja na blanketi mabegani, anafuta ya jana, anaandika ileile, anapunguza nyuzi moja hapa na kuongeza moja pale ili ionekane imepikwa leo. Ukungu: hakuna. Ijumaa moja, wavuvi wengine wamepumzika, shemeji yake, mume wa mdogo wake, akasoma hivyo, akacheka, "Leo nikikosa samaki nakula wewe, shemeji," akawasha injini. Boti ilikutwa saa nne imepasuka mwambani. Mwenyewe hakuonekana tena.

Na hilo silo baya zaidi. Habari zilipofika, kabla watu hawajajaa, Bwana Ubao alikimbia akafuta neno "hakuna" akaandika "upo". Watu wakausoma ubao, wakatikisa vichwa. "Marehemu alikuwa mbishi," wakasema. "Kaandikiwa ukungu upo, kaenda tu." Mdogo wake akayasikia hayo msibani, mbele ya wakwe, akainamisha uso. Bwana Ubao alikuwa amesimama karibu, akanyamaza.

Mjane akahamia kwa Bwana Ubao, kaka yake. Wiki ya pili ndipo ubao ulipoanza kujiandika, asubuhi ile niliyoanza nayo, na haukukosea hata siku moja. Wavuvi walijaza boti wakampiga mabegani, "Bwana Ubao, siku hizi unaongea na samaki!" Naye akacheka nao. Sifa za bure nani anazikataa?

Kisha jambo lile likaja nyumbani. Kwanza ilikuwa harufu, ya maji ya chumvi na chaki, kwenye mito na kwenye taulo, hata mkate ulinuka hivyo. Kisha sauti: ndoo inadondoka kwenye maji, chubwi, na kamba inavutwa, ndani ya nyumba isiyo na kisima. Asubuhi moja alitoka chumbani akipiga miayo, akamkuta mdogo wake jikoni amesimama na kijiko mkononi, hasogei.

"Kaka," alinong'ona, "umetokea wapi?"

"Kitandani. Kwani vipi?"

"Umetoka sasa hivi na ndoo. Umenisalimia. Umeniuliza kama nimelala, na hujawahi kuniuliza tangu nije."

Alitazama sakafu, akaona nyayo za maji zikitoka mlangoni mwa chumba chake, chumba alimokuwa amelala peke yake na mlango umefungwa kwa ndani, zikapita jikoni, zikapita karibu kabisa na miguu ya mdogo wake, zikasimama hapo kidogo kama mtu anayeongea na ndugu yake, kisha zikaendelea hadi nje kuelekea gatini, na kila unyayo ulikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda, kama chake.

Mchana huohuo mdogo wake alimleta mganga, mama mnene mwenye kikohozi, asiyetaka hata kukaa. Alinusa mito, akagusa nyayo, akamvutia Bwana Ubao uani.

"Jini hili halijakuvamia," alisema kwa sauti ya chini. "Limeokota kazi uliyoitupa. Unajua umetupa nini?"

Bwana Ubao akatazama vidole vyake vya miguu. "Najua, mama."

"Dawa sina. Mwambie dada yako ukweli wote, kwa mdomo wako, leo. Ukiiacha na kazi hii, litaichukua na hii."

Alimkalisha mdogo wake mezani, akakaa mbele yake. Jua lilikuwa linaingia dirishani, saa nane mchana, watoto wa jirani wanacheza nje. Maneno yalikuwa tayari kooni: mumeo hakuwa mbishi, mimi sikutembea. Akamtazama usoni, akaona jinsi alivyokonda, akawaza atakavyomtazama kuanzia leo, na wavuvi, na wakwe.

"Nilitaka kukuambia..." alisema. "Nilitaka kukuambia mumeo... bahari haina rafiki, mdogo wangu. Ndiyo hivyo."

Harufu ya chaki ikajaa chumbani. Nyuma yake, kwenye kiti cha pembeni kilichokuwa kitupu, sauti yake mwenyewe ikakohoa kidogo, kwa haya, kama anavyokohoa yeye.

"Mumeo hakuwa mbishi, mdogo wangu," ilisema. "Niliandika hakuna ukungu. Sikwenda kutazama, niliogopa baridi. Alipokufa nikafuta, nikaandika upo. Nisamehe."

Bwana Ubao alitaka kupiga kelele kwamba huyo si yeye, kwamba asiisikilize, lakini mdomo wake ulifunguka mtupu. Mdogo wake alilia sana, kilio ambacho hata msibani hakukilia. Kisha akajifuta kwa upande wa khanga, akainuka, akampita Bwana Ubao kana kwamba anapita meza, akapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Ahsante kwa kuniambia, kaka," alisema, akaushika mkono ambao Bwana Ubao hakuuona.