Kidirisha cha Lamborghini

Odongo alikuwa amechovya msasa majini, anasugua mlango wa Lamborghini kwa mizunguko midogo midogo, mwanamke alipopaza sauti kushinda nyundo na redio za gereji.

"Wee boss! Acha hapo hapo! Unafuta wenyewe!"

Akageuka. Mwanamke alikuwa kavaa kurta ya samawati, lile shati refu la Kihindi, na jinzi, viatu vyake vyeupe vimekanyaga oili.

"Madam, nafuta kutu."

"Unafuta mzungu wa Gilgil." Akaonyesha pale rangi zilipojitokeza kama pete, moja ya kila aliyewahi kumiliki gari. "Njano, ndiye aliyelitoa Italia. Kijani, daktari wa Bahati. Nyekundu, marehemu baba yangu. Bila hao, hili ni bati tu."

"Na wewe?"

"Payal. Gari ni langu."

"Basi nitaacha kidirisha." Ndiyo desturi ya wapaka rangi wa gereji ile: mahali pamoja pa siri hapaguswi, ili fundi wa baadaye aone waliotangulia.

"Wapi?"

"Kuja kesho na chai, nikuambie."

Alikuja na chai ya tangawizi. Hakuambiwa, akaja tena. Kufikia Desemba 2007 alikuwa "mpenzi", naye Odongo "fundi wangu", na kila jioni simu zao ziliishia kwenye ubishi wa nani akate kwanza.

Kisha uchaguzi, na Januari mji ukawaka, watu wakifukuzana kwa kabila. Payal alijifungia nyumbani kwao Milimani. Kila alipompigia Odongo, sauti ile ile: mteja hapatikani.

Barabara zilipofunguka alikimbilia gereji. Lamborghini ilikuwa chini, haina magurudumu wala taa, imepakwa praima, rangi ya chini, ya kijivu ovyo ovyo, hata vioo.

"Nani amefanya hivi?"

"Odongo," alijibu Surjit, mwenye gereji. "Lakini beta, mwanangu, ngoja..."

Hakungoja. Jioni simu ikalia, namba ngeni.

"Mpenzi, ni mimi. Niko Kisumu, kwa shangazi."

"Umemfuta baba yangu!"

"Payal, nisikize kwanza..."

"Usinipigie tena!"

Asubuhi alienda kuliondoa gari. Surjit akamsimamisha langoni.

"Magari yote ya hapa nje yalichomwa. Hilo wachomaji waliliangalia wakasema ni skrepa, chuma chakavu tu. Magurudumu na taa Odongo aliyaficha darini, ndipo akakimbia. Alisema ubandue mpira wa kizingiti cha mlango."

Payal akafungua mlango, akabandua mpira. Chini yake kulikuwa na utepe wa karatasi wenye gundi. Aliuvuta polepole: njano, kijani, nyekundu, zikang'aa bila mkwaruzo.

Akapiga ile namba ngeni.

"Fundi wangu, nimekiona kidirisha. Rudi."

"Nirudi nilale wapi?" alisema Odongo. "Nyumba yetu iliungua."

Payal aliketi sakafuni, kwenye oili. "Nilikuuliza habari za gari," alisema. "Sikukuuliza kama uko mzima."

"Niko mzima."

"Nisamehe."

"Nitakuja. Nipe muda."

Odongo alirudi Aprili, amekonda, na begi moja; Surjit alimpa chumba nyuma ya gereji. Alasiri yeye na Payal wakachuchumaa mbele ya mlango ule ule, kila mmoja na msasa wake.

"Tutapaka rangi gani?" aliuliza Odongo.

"Wenyewe ndio huchagua."

"Mwenyewe ni wewe."

"Nataka tuwe wawili."

Msasa ukasimama. "Unanipa kazi ama unanichumbia?"

"Vyote. Jibu."

Odongo alisugua kidogo, akasugua tena.

"Samawati," alisema. "Kama ile kurta."

Payal akacheka huku analia.

"Nafunga!" Surjit alitikisa funguo. "Hayo mengine kesho!"

Nusu ya mlango ilikuwa bado kijivu. Waliacha misasa ndani ya ndoo.

"Kesho basi," alisema Odongo. "Na chai."