Meza Iliyopita Dirishani

Kila Jumamosi asubuhi Mignonne alipanda tramu kutoka mtaa wa Forest mpaka mtaa wa Saint-Gilles kumsaidia bibi yake kazi za nyumbani. Bibi huyo, Koko Marie-Claire, aliishi ghorofa ya tatu katika nyumba ya zamani yenye ngazi nyembamba za kujipinda. Mignonne, msichana wa miaka kumi na miwili, alimpandishia viazi na maji ya kunywa, akapiga deki, kisha wakala pamoja sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Lakini Jumamosi hii hakuna aliyegusa ndoo. Ilikuwa siku ya kuhama! Magoti ya Koko yalikuwa yamechoshwa na zile ngazi, na mwenyewe alikuwa ameomba nafasi katika makazi ya wazee huko Ganshoren, penye lifti, bustani na watu wa kuongea nao. Tangu apate jibu, alikuwa akiimba kutwa.

"Bon, leo nashuka ngazi hizi mara ya mwisho!" alisema huku akicheka. "Nitaziaga, ila sitazililia."

Huko nje, tonton Guylain, mjomba wa Mignonne, alikuwa amekodi mashine ya kuhamishia vyombo. Ilikuwa na ngazi ndefu ya chuma iliyoegemezwa dirishani, na jukwaa dogo lililopanda na kushuka kwa injini. Mignonne hakuacha kuitazama.

Koko alikuwa na meza mbili: ndogo ya jikoni, na kubwa ya mbao nzito ambapo ukoo mzima ulikusanyika sikukuu. Alitaka kwenda na ile kubwa. Wiki iliyopita, walipokwenda kuona chumba kipya, alikuwa amempa Mignonne utepe wa kupimia ahakikishe kwamba meza ingeingia. Lakini Mignonne alivutiwa na ndege wa rangi waliofugwa ukumbini, akasahau kazi. Koko alipomuuliza, alijibu haraka, "Itaingia vizuri, Koko!" Hakuwa amepima hata ukuta mmoja.

"Hodi!" Papa Abdul-Aziz, jirani Mtanzania wa ghorofa ya pili, aliingia. "Shikamoo, mama. Nimekuja kuchukua ile meza ndogo uliyotuahidi."

"Marahaba. Chukua, ni yako."

Jirani aliinama kuinyanyua. Kama kubwa haitaingia, Mignonne aliwaza, Koko atabaki bila meza.

"Papa Abdul-Aziz, ngoja, tafadhali!" alisema. "Koko, nilidanganya. Sikukipima chumba. Sijui kama meza kubwa itaingia."

Kila mtu alimgeukia.

"Mignonne!" tonton Guylain, aliyekuwa akifunga maboksi sebuleni, alifoka. "Mashine tunairudisha mchana!"

"Guylain, acha," Koko alisema polepole. Furaha ilikuwa imemtoka usoni. "Mutoto wangu, sasa tufanye nini?"

"Tumpigie tantine Wanjiru."

Wanjiru, mwanamke kutoka Kenya ambaye Mignonne alimwita tantine, yaani shangazi, alifanya kazi katika yale makazi, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia wageni kuhamia.

"Sikutaka kumsumbua," Koko alinong'ona. Lakini alipiga simu, akaanza kwa kuomba radhi kwa kumsumbua.

"Kunisumbua?" Wanjiru alicheka. "Mama, niko hapa kwa ajili yako! Ngoja niingie chumbani nipime."

Wanjiru alipima na kuwasomea vipimo kimoja kimoja. Mignonne alipiga magoti, akapima sakafu ya sebule na kubandika utepe wa gundi wa kufungia maboksi: hapa ukuta, hapa mlango, hapa kitanda. Alirudia kila kipimo mara mbili. Punde chumba kizima cha Ganshoren kikawa kimechorwa sakafuni. Wanaume wakaiingiza meza kubwa ndani yake.

"Sasa mama atembee na fimbo yake, kutoka kitandani mpaka mlangoni," Wanjiru alielekeza kwenye simu.

Koko alipita kiubavu, nyonga ikagonga pembe ya meza, akayumba. Guylain akamdaka.

"Na usiku, gizani, je?" Wanjiru aliuliza.

Koko aliipapasa meza yake kwa muda. Kisha akasema waitoe, waweke ndogo. Ilikaa vizuri, na nafasi ya viti viwili ikabaki. Koko akaizunguka, uso ukichangamka tena.

"Napita bila kugusa kitu! Papa Abdul-Aziz, kwako mnakula watu wangapi?"

"Saba, mama. Watoto wanakula kwa zamu."

"Basi ile kubwa ni yenu."

Ngazi za ndani zilikuwa nyembamba mno, kwa hiyo meza ilitolewa kwa dirisha la ghorofa ya tatu, ikashushwa na mashine, ikaingizwa kwa dirisha la ghorofa ya pili. Wapita njia walisimama kutazama. Watoto watano wa Abdul-Aziz walipiga kelele, "Inakuja! Inakuja!" Miguu ya meza ilipovuka dirisha, barabara nzima ilipiga makofi.

Koko alimshika Mignonne mkono.

"Ungenyamaza leo, ningeanguka katika chumba changu kipya. Kazi usiyoifanya, sema hujaifanya, hata kama unaona aibu. Umesema ukweli, kisha ukapiga magoti ukaifanya. Hapo nimefurahi. Na mimi nimejifunza: msaada upo, lakini lazima mtu auombe."

"Ndiyo, Koko. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Haya, nipe bega lako tushuke. Wanjiru anatungoja!"